Maji ya kuoshea kahawa yanaharibu kijito, je matete yatasaidia?

Mkahawa_Mbinga: Wakuu habari za jioni. Kikundi chetu huku Mbinga kina CPU ndogo (mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa). Msimu ukianza, maji ya kumenyea na kuoshea kahawa yanashuka hadi kijitoni, meusi, yananuka kama pombe iliyochacha. Wa bondeni wamechoka na sisi, mwenyekiti wa kijiji ameshatuita. Nasikia matete na mafunjo yanasafisha maji taka. Nichimbe bwawa nipande tu? Hela ya mtambo hatuna. Nawasilisha.

Kibokoya: Weka magugumaji mkuu, yanakua chap na yanafyonza kila kitu.

MamaShamba: Hayo yaliyoitesa Ziwa Victoria? Mvua moja ikifurisha bwawa, yako mtoni. Achana nayo kabisa.

Fundi_Pulpa: Mleta mada, ukiyamwagia matete maji hayo mabichi, yatakauka. Ulenda wa kahawa, ule ute unaozunguka punje, una sukari, ukichacha pH (kipimo cha uchachu, ikishuka maji yamechachuka) inashuka hadi kwenye 4. Na samaki wanakufa kwa kukosa hewa: bakteria wanaokula ile sukari wanamaliza oksijeni ya kijito.

Anzieni kwenye mashine. Maganda yachujwe palepale yaende mboji. Maji ya kumenyea yazungusheni yatumike tena siku hiyohiyo, mtashangaa yanavyopungua. Yanayobaki yatuame shimoni. Yakishachacha, ulenda unaganda na kuelea juu. Uopoeni, maana ukifika kwenye kokoto za mtaro wa matete umeziba kila kitu. Halafu tieni chokaa mpaka pH ipande kwenye 6 au 7, karatasi za kupimia zipo.

Hapo sasa ndipo matete. Usichimbe bwawa, chimba mtaro mrefu wenye kina cha kama sm 60, chini ushindilie udongo wa mfinyanzi au utandike nailoni ngumu, ujaze kokoto. Maji yapite ndani ya kokoto yasionekane juu, mbu hawapati pa kutagia. Kazi kubwa inafanywa na bakteria walioganda kwenye kokoto na mizizi. Matete yanawashikia nyumba.

Mkahawa_Mbinga: Asante sana mkuu. Ila sisi tunavuna Juni mpaka Septemba hivi. Miezi mingine maji hakuna, si yatakufa?

Fundi_Pulpa: Novemba mvua zinaanza, zitayalea. Hapo katikati yapeni maji kidogo, hata ya kunawia. Msimu ukifungwa yakateni, mabua mnaezekea. Mwanzo wa msimu msiyafungulie maji yote kwa mkupuo, bakteria wanakuwa wachache bado.

MamaShamba: Na mtaro usiukaribie mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Mkishindwa matete, nyasi ya vetiva nayo inafaa, mizizi yake inakwenda chini sana na haisambai kwa mbegu.

Mkahawa_Mbinga: Chokaa ni ile ya shambani au ya kupakia nyumba?

Fundi_Pulpa: Zote zinafanya kazi. Ya kupakia nyumba ni kali, inatumika kidogo, ila inaunguza. Anayeikoroga avae glovu na miwani.