Mtoto wa mwaka na miezi minane ana pumu ya ngozi, usiku halali anajikuna tu. Vitu gani vya asili ni salama?

mama_mapacha, Kirumba
Habari za usiku ndugu zangu. Saa hizi ni saa saba na nusu, sijalala, Kulwa kaamka tena kwa kujikuna. Nina mapacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, wana mwaka mmoja na miezi minane. Doto ngozi yake haina kitu ila Kulwa tangu ana miezi minne alianza na vipele vya mashavuni, vinapotea vinarudi, saivi vimehamia kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni, ngozi hapo imekuwa nyeusi alafu ngumu, na taa zikizimwa unasikia kabisa kwaru kwaru kwaru, ukiwasha tochi ya simu unakuta shuka ina matone ya damu.

Kliniki waliniambia ni pumu ya ngozi wakaniandikia tyubu, nikapaka siku tano ikakauka vizuri nikaacha, wiki mbili hazijaisha ikarudi. Nikaenda duka la dawa la mtaani wakanipa tyubu nyingine bila hata kumwangalia mtoto, nikampaka mpaka usoni, ikatulia haraka sana ila jirani akaniambia hizo ndo zinazochubua watu, nikaogopa nikaitupa. Mama mkwe alipokuja kutoka Magu akasema tuchemshe mwarobaini tumuogeshe alafu tumpake limao na asali. Jamani. Yule mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na mimi nikakaa chini nikalia naye, kesho yake vidonda vikawa vinatoa majimaji.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie, vitu gani vya nyumbani vinafaa kwa mtoto huyu? Na je Doto hataambukizwa, maana wanalala kitanda kimoja? Na hii ya kumwachisha samaki ni kweli? Baba yao anafanya kazi soko la samaki la Mwaloni, kwetu dagaa na sato ndo mboga ya kila siku.

mzee_wa_Nyegezi
Pole sana mwanangu. Sisi hapa Mwanza tulikuwa tunaogeshwa Ziwa Victoria alfajiri kabla jua halijatoka, maji ya ziwa yanapooza ngozi. Na mwarobaini ni dawa kweli ila msiuchemshe ukawa mkali. Mpeleke siku saba mfululizo utaona. Nakuombea.

mama_wa_watatu, Buhongwa
Mama Kulwa pole, umenikumbusha mbali. Mwanangu wa pili alikuwa hivo hivo, saivi ana miaka nane na amebakiza kidogo tu nyuma ya magoti kiangazi kikifika. Limao usirudie tena kabisa. Mimi nilimpaka wangu kitunguu swaumu kwaio sikulaumu, mtu ukikosa usingizi miezi kumi unapaka chochote unachoambiwa.

Kilichonisaidia sio mti wowote, ni mafuta na maji. Nilikuwa namuogesha mara moja kwa siku, jioni, kwenye dishi, maji ya vuguvugu yale ukichovya kiwiko husikii joto wala baridi, dakika tano mpaka kumi basi anatoka hata akilia. Sabuni ya kipande ile ya kufulia acha, dodoki acha, mimi nilikuwa napitisha sabuni isiyo na harufu kwapani na makalioni tu, kwingine maji matupu. Ukimtoa usimfute kwa nguvu, mgusegusege na khanga kuukuu ile iliyolainika, abaki na unyevunyevu, alafu hapo hapo kabla dakika tatu hazijaisha mpake mafuta ya mgando ya kopo, yale ya kawaida yasiyo na harufu, unayayeyusha kwanza kati ya viganja alafu unashuka nayo kufuata vinyweleo, usisugue juu chini juu chini. Asubuhi unampaka tena, mchana tena. Kopo la gramu 250 nilikuwa namaliza ndani ya wiki moja, mume wangu akauliza hivi mnakula, nikamwambia hii ndo dawa yenyewe.

Mafuta ya nazi yale yanayokamuliwa bila kupikwa nayo yalimkubali. Alovera ilimwasha, japo kwa mtoto wa jirani ilikubali, kwaio chochote kipya jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono siku mbili tatu. Na oti zile za uji, nilikuwa nazisaga kwenye blenda mpaka ziwe laini kama poda, vijiko vinne kwenye dishi, maji yanakuwa meupe kama maziwa, anakaa humo dakika kumi, ule utelezi unatuliza muwasho kweli. Ila mshike vizuri, anateleza kama kambale.

Usiku mvalishe soksi za pamba mikononi na kucha zisiachwe zikue. Nguo zake suuza maji mara mbili, povu la sabuni ya unga likibaki kwenye nguo linamwasha usiku kucha. Blanketi la manyoya toa, mfunike khanga.

baba_Igoma
Naongezea la joto. Chumba chetu ni bati tupu bila dari, tukagundua mtoto akitoka jasho tu anaanza kujikuna. Tukahamisha kitanda karibu na dirisha, tukamlaza na nguo moja nyepesi, ikasaidia. Na miezi ya Juni mpaka Agosti ule upepo na vumbi ngozi inakauka sana, hapo mafuta tunaongeza.

tabibu_ngozi
Mama Kulwa pole kwa kukesha. Mimi ni tabibu, ngozi nilisomea Moshi pale hospitali ya KCMC kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa 1992, watoto kama Kulwa nawaona kila kliniki.

Nianze na mzee wa Nyegezi, shikamoo mzee, nakuheshimu ila hii ya kumchovya ziwani naomba tuiache. Maji ya pembezoni mwa ziwa letu yana konokono wa kichocho, vile vijidudu vinavyotoka kwao vinapenya hata ngozi isiyo na kidonda, sembuse yenye michubuko.

Doto haambukizwi, walale tu pamoja. Hii inatembea kwenye ukoo, angalia nani kwenu ana pumu ya kifua au mafua yasiyoisha vumbi likiinuka, utamkuta. Ngozi ya Kulwa ni kama ukuta ambao lipu yake ina nyufa, maji yaliyo ndani yanatoka, sabuni na vumbi vinaingia, ndo inawasha. Mafuta anayosema mama wa Buhongwa yanaziba nyufa, kwaio ameongea sahihi kabisa na ningefurahi kila mama angeambiwa hivo siku ya kwanza. Ila mafuta ya zeituni yanayosifiwa mtandaoni usimpake, kwa ngozi hii yanaongeza nyufa. Na kama siku moja wewe na Doto nanyi mtaanza kujikuna usiku, hasa katikati ya vidole, huo ni upele, ugonjwa mwingine, unatibiwa nyumba nzima kwa wakati mmoja.

Sasa tyubu, na hapa kosa ni letu sisi watoa huduma, tunaandika dawa hatuelezi. Ngozi ikishawaka mafuta peke yake hayaizimi, inahitaji krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka, kwa muda. Mojawapo ni haidrokotizoni ya asilimia 1, hiyo ni laini, sio kali, inaweza kutumika hata usoni kwa siku chache. Unapaka nyembamba pale palipowaka tu, mara moja au mbili kwa siku, mpaka ngozi irudi kuwa laini ukiipapasa umefumba macho, usiache kwa sababu muwasho umepungua. Inawezekana ndo maana ile ya kwanza ilirudi, siku tano hazikutosha, alafu mafuta hukuambiwa uendelee nayo kila siku. Kipimo chake, kamua krimu kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada mpaka kiungo cha kwanza, hiyo inatosha eneo la ukubwa wa viganja vyako viwili. Ile ya duka la dawa kama boksi liliandikwa clobetasol basi ilikuwa kali mno kwa uso wa mtoto, na zile za kuchanganya dawa tatu kwenye tyubu moja pia usinunue mwenyewe. Hizo ukizizoea ndo zinafanya ngozi iwe nyembamba. Ulikuwa na haki ya kuogopa ile, ila usiziogope zote.

Samaki usimkatie kwa kubahatisha. Mtoto wa umri huu dagaa, mayai na maziwa ndo yanamjenga, na watoto wengi wenye pumu ya ngozi wakinyimwa chakula wanakonda tu na ngozi iko vilevile. Kama kila akila sato anavimba midomo, anatapika au anatoka mabaka ndani ya saa moja au mbili, hapo mlete tuongee.

Yale majimaji ya baada ya limao, kama hayajakauka mlete kesho aonwe. Ukoko wa njano, usaha au homa maana yake bakteria wameingia, anahitaji dawa. Na ukiona malengelenge madogo madogo yanayofanana yamejaa ghafla na mtoto amenyong'onyea, usisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huo huo. Vile ni virusi vya vidonda vya mdomoni vimesambaa kwenye ngozi, ndo maana mtu mwenye kidonda cha mdomo asimbusu Kulwa hata kama ni bibi yake.

mzee_wa_Nyegezi
Marahaba mwanangu. Ya kichocho umesema kweli, mdogo wangu kilimtesa sana. Mama Kulwa, lile la ziwa liache, fuata ya daktari.

mama_mapacha, Kirumba
Asanteni sana sana, nimesoma yote mara mbili. Dokta umesema ukoo, baba yao ana pumu ya kifua tangu mdogo na hakuna aliyewahi kutuunganishia hivo vitu viwili. Kesho asubuhi nampeleka kwa yale majimaji. Swali moja la mwisho, hapa mtaani kuna mama anasema mafuta ya sangara ndo kiboko, nimpake?

tabibu_ngozi
Mafuta ya sangara yaache jikoni. Ya mgando yanatosha na hayana bei. Ukimaliza kupaka usirudishe mkono ndani ya kopo, chota kwa kijiko kisafi ili uchafu usiingie. Na yale makovu meusi yasikutie hofu ukayatafutia dawa ya kung'arisha, ngozi yetu inabaki na alama miezi kadhaa baada ya kupona, yanafifia yenyewe.

mama_mapacha, Kirumba
Nimerudi baada ya wiki tatu. Ilikuwa bakteria kweli, akapewa dawa ya kunywa na krimu laini, nikaelekezwa vilevile mlivyoandika hapa. Krimu nilipaka siku kumi, saivi nimeacha, mafuta mara tatu kwa siku sijaacha hata siku moja, kopo la tatu hili. Viwiko vimekuwa laini, nyuma ya magoti bado kidogo. Mama mkwe mwanzoni alinuna kuhusu mwarobaini, nikamwomba ampake mafuta yeye mwenyewe ile ya jioni, sasa ndo kazi yake na hataki mtu aiguse. Oti nilipata, zinamtuliza ila bei kwangu ni kubwa, nimeweka ziwe za siku muwasho ukizidi.

Jana saa nane usiku niliamka mwenyewe kwa mazoea, nikatega sikio, kimya. Nikawasha tochi. Kulwa kalala chali mikono wazi, soksi moja imevuka, Doto kaishika.