Yule fundi wa ngazi za nyuma: eti nikamlete kaka yangu ndiye aelezwe habari za volti!

Binti_Stesheni ameandika:

Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala na mikono bado inatetemeka. Asitokee mtu wa kuniambia nipumue kwanza. Nimepumua kuanzia Msimbazi mpaka hapa Magomeni na hasira iko pale pale.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kupanda ngazi za nyuma kule Kariakoo, mwenye foleni mpaka koridoni na kiti kimoja kisicho na mgongo. Nusu yenu humu mlishampelekea kitu, na wengi mlikirudisha nyumbani kibovu kuliko kilivyoondoka. Huyo huyo.

Leo, mbele ya wateja sita (nimewahesabu, na muuza kahawa akawa wa saba), ameniambia hivi: "Dada, ungekuja na kaka yako ningemweleza."

NINGEMWELEZA. Siyo ningekueleza. Yaani mimi niliyesimama mbele yake na mashine nimeibeba begani sielezeki, ila kaka anaelezeka. Na kwetu hatuna kaka, tumezaliwa wasichana wanne.

Habari yenyewe ni hii. Nina steshenari Sinza. Kompyuta ya dukani ni ya mezani, prosesa yake ni Intel i5 ya kizazi cha nne, inaendeshwa na Linux Mint, siyo Windows. Tangu joto la Januari feni imekuwa ikinguruma kama bajaji imebeba friji kwenye mlima. Mwenyewe nikaweka lm-sensors, programu ya kusoma joto, volti na mizunguko ya feni. Nikaendesha sensors-detect, inauliza maswali mengi, kila swali nikabonyeza Enter mpaka mwisho, ikanipatia chipu ya vipimo ya Nuvoton pale kwenye mazabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta) na kuniambia nipakie moduli ya nct6775, yaani kiendeshi cha kuisoma hiyo chipu. Nikapakia. Nikaandika sensors, ikashuka orodha ndefu kama orodha ya michango ya harusi. Ndani yake kulikuwa na hivi:

Core 0: +47.0°C
in1: +1.01 V (min = +0.00 V, max = +0.00 V) ALARM
fan2: 0 RPM
AUXTIN3: +127.0°C

Siku ya kwanza niliogopa, sikatai, nikaizima mashine haraka. Halafu nikakaa siku tatu nikisoma. AUXTIN3 ni mguu wa chipu ambao mwenye mazabodi hakuunganisha kitu chochote. Hapo hakuna sensa ya kupima joto, kwa hiyo inasoma upepo. Ile ALARM inapiga kelele kwa sababu hakuna aliyeweka kiwango cha chini wala cha juu, vyote viko sifuri, na volti yoyote ile lazima izidi sifuri. Na ile 1.01 ndiyo laini ya volti 12 ya pawa saplai! Chipu yenyewe haiwezi kupima zaidi ya volti 2 na kidogo, kwa hiyo mtengenezaji anaweka rezista mbili za kuigawa kabla haijaifikia. Chipu haijui imegawiwa mara ngapi, kila mazabodi ina yake, na wewe ndiye unayetakiwa kuiambia kwenye faili la mipangilio izidishe. Nikaingia BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Linux haijawaka, nikakuta pale 12V imeandikwa 12.1. Ukizidisha 1.01 kwa 12 unapata 12.12. Hesabu ya darasa la tano.

Kwa hiyo leo sikwenda kwake kuulizwa ugonjwa. Nilikwenda na kazi mbili tu: apulize vumbi, abadilishe ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa iliyokauka. Basi. Yeye akaiwasha, akaangalia kioo kama daktari anayeangalia X-ray, akatikisa kichwa, akageukia foleni na kutangaza: "Hii imeungua. Nyuzi 127. Na pawa saplai imekufa, 12 inasoma 1." Bei ya pawa saplai ya mtumba: 85,000.

Nikaweka kiganja kwenye ile bati ya kupozea prosesa. Vuguvugu. Kama chapati iliyosahauliwa mezani. Kungekuwa na nyuzi 127 humo ndani tungechemsha chai ya foleni nzima na muuza kahawa angefunga biashara. Nikamwambia kwa heshima kabisa, "Fundi, kama 12 ingekuwa imeshuka mpaka volti 1, hii kompyuta ingewakaje na sisi hapa tunaiangalia inawaka?"

Kimya. Foleni yote kimya. Mtu mmoja akacheka kidogo.

Multimita yake ya kupimia volti ilikuwa pale pale mezani, ncha nyekundu imezungushiwa selotepu. Nikamwambia pima, waya wa njano na mweusi, sekunde tano tu, nikikosea nakulipa hiyo 85,000 sasa hivi. Akaichukua. Nikadhani anapima. Akafungua droo, akaitumbukiza humo, akafunga droo. Ndipo akasema: "Dada, ungekuja na kaka yako ningemweleza."

Droo ikafungwa, neno likatoka. Bado nasikia ile droo.

---

FyuziYaBuguruni:
Nimekimbilia uzi nikidhani karani wa sensa katukanwa. Kumbe sensa za feni. Ya watu na makazi ilishapita 2022 mkuu, hukuhesabiwa?

Dogo wa Mwenge:
Kwa hiyo nafasi ya kaka bado iko wazi? Mimi volti nazielewa kiasi na nina nauli ya kwenda Kariakoo.

mzee_wa_solda:
Binti, kwenye chipu uko sahihi, ila kwenye adabu ya mafundi umechemka. Fundi huwa haulizwi swali mbele ya foleni. Ungesubiri watu wapungue.

Mengine andika ndani ya /etc/sensors.d/ faili lako mwenyewe, usiguse lile kubwa la sensors3.conf maana likisasishwa linaweza kufutika. Weka jina la chipu, halafu:

label in1 "+12V"
compute in1 @*12, @/12
set in1_min 11.4
set in1_max 12.6
ignore temp6

Hiyo temp6 ndiyo ile AUXTIN3 ya kupuuzwa, angalia kwako ni namba ngapi, sensors -u itakuonyesha. Viwango vya 11.4 na 12.6 ni asilimia 5 chini na juu, ndivyo ATX, kanuni ya pawa saplai za kompyuta za mezani, inavyotaka kwa laini ya 12. Kisha andika sudo sensors -s ili viwango viingie. Kelele zote zitanyamaza.

Binti_Stesheni:
Mzee wangu shikamoo, na asante kwa hiyo ya ignore. Lakini adabu ipi? Mimi ndiye niliyesema "fundi" na "naomba". Yeye ndiye aliyefungia multimita kwenye droo. Mtu mwenye uhakika na ugonjwa anaficha kipimo? Angepima nikakosea, ningelipa na kuondoka kimya. Hakupima, kaniambia nikamlete kaka.

Nyota_ya_Tanga:
Huyo huyo! Mimi alinitoa 60,000 mwaka juzi. Feni ya kesi (boksi la kompyuta) ilikuwa inaonyesha 0 RPM, akasema imekufa, wakati macho yangu yanaiona inazunguka na upepo unanipiga usoni. Kumbe ilikuwa feni ya waya mbili, mwekundu na mweusi. Waya wa tatu ndio unaopeleka hesabu ya mizunguko. Bila huo hata ikizunguka kama pangaboi la msikitini mashine itasoma sifuri. Akaniuzia nyingine YA WAYA MBILI. Sifuri ikabaki pale pale. Nikarudi, akasema mazabodi nayo imekufa.

Dogo wa Mwenge:
Ikafa na yenyewe 🤣🤣 kwa huyo jamaa hakuna kinachopona

Kipusa88:
Mnajitesa na Linux. Wekeni Windows, shusheni HWiNFO, programu ya kusoma hizo sensa, yaishe.

mzee_wa_solda:
Kipusa, chipu ni ile ile. Hata huko Windows hiyo 127 utaikuta, ila imepakwa rangi nzuri.

Kipusa88:
Angalau haiulizi maswali 40 ndio ianze.

Mjukuu wa Chifu:
Afadhali yenu mnaelewana na binadamu. Mimi adui yangu ni fancontrol, ile programu ya kuendesha feni kwenye Linux. Nilikaa usiku mzima na pwmconfig, inayoiandalia mipangilio, inasimamisha feni moja moja ili ijue ipi ni ya nani, moyo unadunda kila feni ikisimama. Nikapanga vizuri: chini ya nyuzi 45 izunguke taratibu, ikifika 70 ikimbie. Asubuhi nawasha, hakuna kitu. Ile chipu ambayo jana Linux iliiita hwmon2, leo inaitwa hwmon3, na fancontrol imegoma kuanza eti njia imebadilika. Nikarekebisha. Wiki iliyofuata imerudi kuwa hwmon2. Nani alipitisha utaratibu huu? Mtoto hubadilishwi jina kila ukiamka!

FyuziYaBuguruni:
Kwetu mtoto akilia sana hubadilishwa jina, huenda feni yako ilikuwa inalia.

Nyota_ya_Tanga:
Mjukuu, yako ina nafuu. Mume wangu alinunua prosesa ya AMD, Ryzen 7 1700X, ya mtumba, ikasoma nyuzi 58 hata kabla hajafungua kitu. Akapeleka kwa fundi mwingine hapa kwetu, wakabadilisha dawa ya joto mara tatu. Kumbe AMD wenyewe kwa hiyo 1700X na 1800X waliongeza nyuzi 20 juu makusudi, ili prosesa zao zote za kundi hilo zifuate mpango mmoja wa feni. Ile inayoitwa Tctl ndiyo imeongezwa, ya kweli ni Tdie. Tulikuwa tunatibu 38!

Binti_Stesheni:
Nyota umeona? Na fundi wenu aliwaambia kwa heshima au naye aliuliza kaka yuko wapi? Hiyo ndiyo hoja yangu, wakuu. Kukosea kusoma namba ni kawaida, mimi mwenyewe niliogopa ile 127 siku ya kwanza. Ila mtu amekuletea jibu mkononi, umeligeuza kuwa swali la kaka.

Wa_Kisauni:
Pole dadangu, na hata hapa Mombasa wako. Wangu ni wa friji. Nimemwambia compressor yafanya kazi, tatizo ni thermostat, hata nimeigusa kwa mkono. Akaniambia, "Mwambie bwanako anipigie." Bwanangu yuko melini miezi saba! Nyama ya Idi ikaoza yote, jirani wakadhani kumefiwa.

Dogo wa Mwenge:
Nyama ya Idi jamani, hiyo ni kesi ya mahakamani.

Mjukuu wa Chifu:
Friji ni afadhali. Mimi fundi cherehani alinishonea suti ya send-off ya dada, mkono mmoja umefika kiganjani, mwingine umeishia kwenye kiwiko. Nikamwonyesha. Akasema, "Nyoosha bega." Nimenyoosha bega kwenye picha zote.

Kipusa88:
😂😂😂 weka picha

FyuziYaBuguruni:
Bila picha huu uzi haujatimia.

Nyota_ya_Tanga:
Mafundi cherehani msinianzishe. Kitenge cha doti tatu kimerudi blauzi moja na kitambaa cha kufutia vumbi. Alipoulizwa kilichobaki kiko wapi akasema ni "upotevu wa mkato".

mzee_wa_solda:
Upotevu huo umevaliwa na mtoto wake Jumapili.

Wa_Kisauni:
Wallahi kweli. Wangu nimemkuta mkewe sokoni amevaa deraya langu.

Binti_Stesheni:
Wakuu, nimefika Sinza. Jirani yangu anatengeneza redio, kanipa multimita yake bila kuniuliza habari ya kaka wala mjomba. Waya wa njano na mweusi: 12.09. Nimepiga picha, nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kesi. Nimefungua bati mwenyewe, nimepuliza vumbi, lilikuwa limeganda kwenye mapezi ya kupozea kama sponji la godoro. Dawa ya joto nitanunua kesho. Feni imeshuka kutoka 2,600 mpaka 1,350. Sasa duka zima unasikia printa, na printa ilikuwa inalia siku zote sikujua.

Nataka mtu aniambie nimrudishie hii karatasi au nisimrudishie. Kesho foleni ikiwa ndefu. Nimwekee tu mezani, 12.09, nisiseme neno.

Dogo wa Mwenge:
Wa Kisauni, deraya alikurudishia?

Wa_Kisauni:
Arudishe wapi, amelipunguza mikono.

Mjukuu wa Chifu:
Picha ya bega hii hapa, ila msisambaze.

Kipusa88:
Mkuu huyo wa kulia ndiye wewe au umesimama na mlingoti wa bendera?