Gari la kifahari la umeme au haibridi: lipi linaokoa hela kweli?

Mkaazi wa Goba
Wakuu, habari za leo. Nina Harrier haibridi, inayotumia petroli na betri. Goba hadi Posta kila siku, ukiongeza na mizunguko ya watoto, mwezi unafika kilomita 1,500. Kwenye foleni zetu inanipa kilomita 15 kwa lita, kwa hiyo ni lita 100, na kwa bei ya 2,900 ni laki mbili na tisini. Sasa kuna mtu ananiuzia Mercedes EQS ya umeme iliyotumika, ananiambia nitasahau njia ya sheli. Nikiuza Harrier bado natakiwa kuongeza milioni 75. Mke wangu kasema nipige hesabu kwanza, kupenda baadaye. Nimepiga: uniti 23 kwa kilomita 100 pamoja na zinazopotea kwenye kuchaji, jumla uniti 345 kwa mwezi. Elfu kumi inatoa uniti 28, basi ni kama 123,000. Naokoa 167,000 kila mwezi. Nikosoeni.

Dada Mhasibu
Kaka, hesabu yako iko sawa, ila umeishia njiani. 167,000 mara 12 ni milioni mbili na ushee. Milioni 75 itarudi baada ya miaka 37. Na hapo hatujagusa bei utakayouzia. Magari haya ya umeme ya bei kubwa yanaporomoka haraka sana. Hertz, wale wakodishaji magari wa Marekani, mwanzoni mwa 2024 walitangaza kuuza magari yao ya umeme kama 20,000, na sababu mojawapo ilikuwa gharama ya kuyatengeneza yakigongwa. Wifi yangu yuko sahihi.

Mwana wa Mbagala
Dada, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kukaa nyuma ya usukani wa gari la umeme. Mimi nina mwaka wa pili na langu la kifahari. Simwagi oili, sibadilishi plagi, pedi za breki ni zile zile nilizokuja nazo. Na nani kakwambia wote tunanunua uniti 28 kwa elfu kumi? Mimi nachaji wikiendi kwa mama, Mbagala, elfu tisa na ushee uniti 75. Wenye haibridi ni watu walioogopa katikati ya mto, hawajavuka wala hawajarudi.

Fundi wa Ilala
Nani kaogopa? Wiki iliyopita mtu kaniletea Aqua haibridi, kaambiwa kwingine betri imekufa, anunue mpya. Nimefungua pembeni ya kiti cha nyuma, nikatoa feni inayopoza betri. Mapanga yote yamejaa vumbi na nyuzi za kapeti, limeganda mpaka unalibandua kama ganda la ukoko. Nimepiga brashi, nimerudisha, taa ya onyo imezima, kaondoka. Gari lako likizingua kwenye betri, nitajie fundi hapa mjini atakayelifungua bila kumpigia mtu simu nje ya nchi. Usitukane kitu kinacholisha watu.

Msema Kweli Temeke
Nyie mnabishana feni, mimi nimekwama kwenye uniti 75. Hiyo bei ni ya D1, daraja la umeme la matumizi madogo, imewekwa kwa ajili ya mama mwenye taa tatu na kifriji. Wewe unachomeka gari la milioni mia na kitu kwenye mita hiyo hiyo? Halafu unakuja kutuambia umeokoa hela?

Mwana wa Mbagala
Mita ni ya mama yangu, na umeme nanunua mimi. Ninapokaa ni flati ya kupanga, ghorofa ya nne, mwenye nyumba kakataa nisishushe waya. Ulitaka nichaji wapi? Usinifundishe kumtunza mzazi.

Dada Mhasibu
Hakuna aliyegusa mama yako. Ninachouliza ni hiki: uniti 75 za D1 zikiisha ndani ya mwezi, zinazofuata ni shilingi 350 kabla ya kodi, wakati mteja wa kawaida ni 292. Betri ya gari kama hilo kuijaza mara moja tu umeshazimaliza. Zilizozidi umeziweka kwenye hesabu?

Mzee wa Bunju
Vijana, kuna jambo linaniuma zaidi. Ada ya leseni ya magari ya kila mwaka ilifutwa, nadhani 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta. Tozo ya barabara nayo imo ndani ya lita. Mimi na pikapu yangu ya dizeli nalipia lami ya barabara ya Bagamoyo kila ninapojaza. Tajiri wa umeme anapita juu yake bure, na gari lake lina uzito wa tani mbili na nusu.

Fundi wa Ilala
Mzee umegusa penyewe.

Msema Kweli Temeke
Kwa hiyo tunamlipia barabara na umeme. Aisee.

Jirani wa Nairobi
Huku kwetu Kenya Power ina bei ya stima ya magari tangu 2023, ilianza na shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 usiku watu wakilala, kabla ya kodi. Lita ya petroli ilivuka 200 Septemba mwaka huo. Mkiwa na bei yenu maalum, hakuna mtu atahitaji mita ya mamake. Pigeni kelele hapo, si kwa huyu kijana.

Mkaazi wa Goba
Jamani, muuzaji anataka jibu Ijumaa. Na soketi ya kawaida nyumbani inatosha au lazima chaja ya ukutani?

Fundi wa Ilala
Inatosha kwa safari zako. Kilomita 50 ni uniti 11 au 12, kama saa tano hivi. Ukiishusha kabisa ndio utasubiri siku mbili. Lakini hilo la mzee kuhusu tozo lijibiwe kwanza.

Mwana wa Mbagala
Nimetoka kuongea na mama. Juzi saa nane usiku mita ilianza kulia, akanunua mwenyewe za elfu kumi, zikaja uniti 23. Akadhani wakala kamwibia, akakaa kimya asinisumbue. Dada, hizo sikuziweka kwenye hesabu. Jumamosi nampelekea hela yake.