Docta Mukwege na kura ya urais Congo 2023: tupeane uzoefu, wanabukavu

Mwana-Essence: Leo kwa fundi wa pikipiki nimekuta fulana ya kampeni imekuwa kitambaa cha kufutia oili, uso wa Docta mzima mzima. Semeni bila haya: nani alimpigia?

Nesi wa Zamu: Kituo chetu mashine ya kupigia kura ilikufa betri. Tulipiga kesho yake, wengi walishakata tamaa.

Tupo: Na kwetu vilevile.

Binti Idjwi: Mimi kura siijui, naijua 2013. Oktoba 2012 wenye silaha walimvamia kwake, mfanyakazi wake akauawa, Docta na familia wakaenda Ulaya. Mama yangu alikuwa ameshonwa fistula, tundu la uzazi linalovujisha mkojo, kwa Docta hospitali ya Panzi, hakulipa hata franga. Wamama wa kisiwa chetu Idjwi wakasema tiketi ya kumrudisha tutanunua sisi. Mananasi, vitunguu, kila mmoja na alicho nacho. Baba akafoka: na minervali, ada ya shule ya watoto? Mama akamwambia, "Wakati nanuka mkojo ulilala chumba gani?" Baba akatoka nje. Tarehe 14 Januari Docta akashuka uwanja wa ndege wa Kavumu. Njia yote mpaka mjini ni watu na vigelegele, mama akapoteza kandambili moja asigeuke. Na walishapanga zamu za kumlinda, wamama wasio na bunduki!

Nesi wa Zamu: Nimelia kazini, asante sana.

Papa Nyawera: Sasa mtu wa hivyo, Nobeli ya amani ya 2018, siasa ya nini? Ona, chini ya asilimia 1. Angebaki na kisu chake.

Mwalimu K.: Papa, kwa heshima: hospitali ya Lemera 1996 wagonjwa wake waliuawa vitandani. Alikuwa mgombea wa nini wakati ule?

Papa Nyawera: Usinifundishe Lemera, kijana. Nasema kura haipatikani Oslo walikompa Nobeli. Kule mbali Kasai nani anamjua?

Tupo: Papa ulipewa fulana ngapi na wale wengine? 😂

Papa Nyawera: Mbili. Na kofia.

Mwana-Essence: Akigombea tena, agawe chumvi.

Mwalimu K.: Akigawa chumvi simpigii.

Nesi wa Zamu: Apumzike tu, alizaliwa 1955. Binti Idjwi, mama alipiga 2023?

Binti Idjwi: Alipiga. Kwa nani, hata baba hajui mpaka leo.