Ninaomba ushauri: nikasome sheria Dar es Salaam, au nibaki Mwanza ninakotaka kufanya kazi?

Binti wa Sengerema

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na nimechaguliwa kusoma shahada ya sheria katika vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) kilichopo Malimbe, Mwanza. Ninatakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya wiki ijayo kwisha.

Mama yangu anauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na ndiye aliyenisomesha mpaka hapa. Nikisoma Malimbe nitakaa kwa shangazi yangu Nyegezi bila kulipa kodi ya chumba. Nia yangu ni kuwa wakili katika Kanda ya Ziwa, kwa kuwa nimekua nikiona wajane wakinyang'anywa viwanja na wachimbaji wadogo wakitia saini karatasi wasizozielewa. Hata hivyo, baba mdogo anasisitiza kwamba mwanasheria asiyesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapati kazi. Je, ni kweli? Na je, mahali ninaposomea pana uzito gani kwa mtu ambaye tayari anajua anataka kufanyia kazi wapi?

Wakili wa Nyamagana

Marahaba, mdogo wangu. Nimefanya kazi ya uwakili Mwanza kwa miaka 12, na ningependa uanze na jambo ambalo baba yako mdogo hakulitaja. Shahada pekee haimfanyi mtu kuwa wakili. Popote utakaposoma, utalazimika kupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi tunaiita Shule ya Sheria, iliyopo Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, ndipo uombe kwa Jaji Mkuu kukubaliwa na kusajiliwa. Mlango huo ni mwembamba. Katika matokeo ya mwaka 2022 yaliyozua mjadala nchi nzima, kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na walioshindwa kabisa walikuwa 265, mpaka Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu zake. Kwa hiyo chunguza ni chuo kipi kati ya hivyo viwili kitakachokulazimisha kuandika hati ya madai, utetezi wa maandishi na hati ya kiapo kwa mkono wako mwenyewe, tena na tena, kabla hujafika pale.

Kuhusu kazi za huku: zipo, lakini ofisi zetu ni ndogo, wakili mmoja au wawili na karani, na nafasi zake hazitangazwi popote. Vijana wawili niliowaajiri nilikuwa nimekwisha kuwafahamu, kwa sababu walikuja kufanya mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo na nikaona wanavyosoma jalada na wanavyomsikiliza mteja. Kazi inayolisha ofisi ni mirathi, mashauri ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, migogoro ya ajira katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mikataba ya mauziano ya viwanja. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wateja wa Sengerema na Geita wananifikia bila kusubiri kivuko, na wengi wao huulizia kwanza kama kuna mtu wa kwao ofisini. Wewe ni mtu wa kwao.

Mlimani hadi Dodoma

Ninaheshimu maelezo ya Wakili, lakini ninaona amezungumzia aina moja tu ya ajira. Mimi ni mwanasheria katika taasisi ya umma, na niliajiriwa kwa kuomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nikafanya usaili wa kuandika na wa mahojiano sawa na wenzangu kutoka vyuo vyote. Mahakimu nao huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na unaweza kuishi Mwanza maisha yako yote kisha ukapangiwa Tunduru.

Binti, una miaka 19 au 20, na nia hubadilika. Mlimani sheria imefundishwa tangu mwaka 1961, na makao makuu ya benki na kampuni kubwa yako katika jiji hilo hilo, kwa hiyo ukifika mwaka wa tatu ukavutiwa na kodi au sheria ya benki, utakuwa karibu na watu unaowahitaji. Tena siku hizi mashauri husajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki, na wakili aliyeko Dar es Salaam anaweza kufungua shauri Mwanza bila kupanda basi. Kuwa mwenyeji wa mahali hakutakulinda dhidi ya ushindani kama kulivyomlinda Wakili alipoanza.

Dada wa Malimbe

Mdogo wangu, mimi nilisoma Malimbe, na sitakuambia kwamba ni bora kuliko Mlimani. Nitakueleza kilichonipata. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma Shule ya Sheria sikuwa na ndugu wala akiba, na chumba nilichopanga mbali kilinila nauli na saa tatu za kila siku. Nilikuwa nikisoma usiku huku nimechoka, nikashindwa masomo mawili, nikayarudia. Wenzangu niliowazidi alama chuoni walimaliza kabla yangu kwa sababu walikuwa wanalala mahali pa karibu na wanakula vizuri. Ukikaa kwa shangazi yako miaka yote ya shahada, mwombe mama yako aweke kando kila mwezi angalau sehemu ya kile ambacho angelipia chumba Dar es Salaam, ili fedha hiyo ikusubiri kwa ajili ya Shule ya Sheria.

Jambo la pili ni lugha. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini masomo na mitihani yetu vilibaki kwa Kiingereza. Jizoeze kuieleza hoja ile ile kwa lugha zote mbili kuanzia muhula wa kwanza, kwa maana mjane utakayemtetea hatakuwa na haja na Kilatini chako.

Binti wa Sengerema

Ninawashukuru sana. Nimemsomea mama majibu yenu yote jana usiku. Hoja ya kaka wa Dodoma kwamba nia hubadilika imenigusa, na sitaipuuza, lakini hesabu ya chumba ndiyo iliyomfanya mama anyamaze kwa muda mrefu, kisha akasema tuthibitishe Malimbe. Wakili, je, ninaweza kuja ofisini kwako hata kabla masomo hayajaanza?

Wakili wa Nyamagana

Unaweza. Nitakuandikia faragha mahali tulipo. Jumatano tuna shauri la kiwanja barazani saa tatu asubuhi. Njoo ukae nyuma, usikilize, na baadaye uniandikie ukurasa mmoja kuhusu kila upande ulivyothibitisha madai yake.