Kihisi cha mkononi na msongo wa mawazo: nitakijaribuje?

Muuliza swali:
Ndugu zangu, kihisi ninachokijaribu hupima mapigo ya moyo na unyevu wa ngozi. Jana kilionyesha msongo mkubwa nilipokuwa ninapanda ngazi, ilhali akili yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nitathibitishaje kwamba kinapima msongo?

Jibu la kwanza:
Kifaa chenyewe hakiuoni msongo. Kinaona jasho na mapigo, navyo hubadilika kwa sababu nyingi, furaha ikiwemo. Kwa hiyo washiriki wapitishe kwenye jambo linalojulikana kuleta msongo. Jaribio la Trier, lililotungwa Ujerumani mwaka 1993, humtaka mtu ahutubie mbele ya jopo lisiloonyesha hisia yoyote, kisha atoe 13 kutoka 1022 mfululizo, na kila akikosea aanze upya. Pima pia kortisoli, yaani homoni ya msongo, kwenye mate, lakini kumbuka kwamba hufikia kilele takriban dakika 10 hadi 20 baada ya jaribio, wakati jasho limeshaitikia ndani ya sekunde chache.

Jibu la pili:
Ninakubaliana na mwenzangu, ila ngazi zako zisisahauliwe. Weka kipindi cha kutembea kwa kasi bila msongo wowote, kwa sababu kihisi kisichotofautisha kipindi hicho na kile cha msongo hakifai, hata kama namba zake zinapendeza. Kila mshiriki alinganishwe na hali yake mwenyewe akiwa ametulia.

Muuliza swali:
Ahsanteni sana. Mkanda wa kihisi changu pia ulikuwa umelegea. Nitaukaza kabla ya kurudia.