"Goli halina miguu, litakwenda wapi?" Huyu kocha tumfanyeje jamani

Tofali_Moja:
Wakuu, salamu baadaye. Mnamjua. Yule wa filimbi mbili shingoni kama hirizi. Akademi ina jezi za rangi tatu, lakini kisanduku cha huduma ya kwanza kina plasta moja na chaja ya simu.

Jioni hii kaulizwa mbele ya wazazi mbona magoli ya kuhamisha hayajafungwa chini. Bomba la nyuma limekandamizwa na tofali. MOJA. Tena limemeguka. Jamaa akacheka: "Goli halina miguu, litakwenda wapi?" Na wazazi wakacheka naye!

Litakwenda kifudifudi, bwana mkubwa. Nguzo mbili na mtambaa panya, uzito karibu wote uko mbele. Nyuma kuna kibomba cha kushikia wavu tu. Mtoto wa darasa la pili akirukia mtambaa panya akabembea, nyuma kunanyanyuka, yeye anatangulia chini na chuma kinamfuata kichwani. Na hajazaliwa mtoto wa kuuona mtambaa panya akaacha kubembea. Sheria namba 1 ya soka, ya kwanza kabisa, hata kuotea bado hakujatajwa, inataka goli lishikizwe imara ardhini, hata la kuhamisha. Yeye ana tofali. Halina miguu!

FundiChuma:
Mleta mada punguza munkari, tofali limekukosea nini 😂

Kwa wenye nia: udongo mgumu, chukua nondo ya milimita 12, futi mbili na nusu, kichwa kikunjwe kama bakora kishike bomba la nyuma. Igonge kwa mshazari, si wima. Nne nyuma, moja moja ubavuni. Uwanja wa mchanga nondo inachomoka kama kijiko kwenye uji, hapo weka viroba vya mchanga vya kilo 50, viwili kila kona ya nyuma, vifungwe kwa kamba, la sivyo watoto watavigeuza viti. Halafu funga kamba ndefu katikati ya mtambaa panya, watu wazima wawili wasimame mbali mbele ya goli wavute. Nyuma kukinyanyuka hata unene wa kidole, ongeza uzito. Mvua ikinyesha rudia, udongo ukilowa nondo zinalegea.

bibi_wa_offa:
Umelikasirikia tofali kuliko mwenye nyumba anavyomkasirikia mpangaji. Lipeleke polisi.

Tofali_Moja:
Cheka tu bibi. HALINA MIGUU, kasema mtu anayelipwa ada!

Nje_ya_Boksi:
Illinois, Marekani, mtoto wa miaka 6 aliuawa na goli la hivihivi mwaka 2003. Mwaka 2011 jimbo likatunga sheria ya kushikiza ardhini magoli ya kuhamisha. Mazoezi yakiisha wanayageuza yatazamane, mnyororo na kufuli. Hapa kwetu yanaachwa wazi usiku kucha, na hatari kubwa ndiyo hiyo, kocha keshaondoka watoto wamebaki wanabembea.

MamaKlorini:
Goli angalau linaonekana. Njooni bwawani mlie. Maji ya kijani kama mlenda, mwokoaji yuko kwenye simu. Simama ukingoni: usipouona wavu wa bomba la kunyonya maji kule chini kwenye kina, hakuna mtoto kuingia, basi. Mtoto anayezama hapigi kelele, anasimama wima majini mdomo ukizama na kuibuka, kimya. Watoto wapangwe wawili wawili, filimbi kila dakika kumi, kila mmoja ashike mkono wa mwenzake, mhesabu.

dereva_mstaafu:
Wahesabiwe kwanza kwenye Noah. Kumi na nne na mpira juu! Bwawani watafika wangapi?

FundiChuma:
@dereva_mstaafu mpira umekaa siti ya mbele, umefungwa mkanda 🤣

Kipa_Namba_Tatu:
Na wale wa kumwaga maji ya baridi kichwani? Mtoto kagongana na mwenzake, anauliza ni kipindi cha ngapi, kocha anammwagia chupa anamrudisha. Akigongwa kichwa anatoka, harudi siku hiyo hata akilia. Akitapika, akisinzia hovyo au kichwa kikizidi kuuma, hospitali.

shangazi_mkali:
Mnaogopa chuma, mimi naogopa watu. Kocha anayemtumia mtoto meseji saa nne usiku peke yake, anayemsindikiza chumba cha kubadilishia nguo, anayetaka kumkanda paja mlango umefungwa. Meseji ziende kwenye kundi lenye wazazi, mlango uwe wazi, mtu mzima wa pili awepo. Ukishuku kitu piga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure. Usianze kwa kumuuliza kocha mwenyewe, utampa muda wa kumtisha mtoto.

bibi_wa_offa:
Shangazi leo umeongea. Ila na jezi je? Ada umelipa, jezi elfu thelathini na tano, soksi mbali, na inachuja mfuo wa kwanza.

dereva_mstaafu:
Elfu thelathini na tano? Kariakoo unapata mbili na chenji ya chipsi.

Tofali_Moja:
Wakuu turudi kwenye goli. Kesho saa kumi mazoezi yanaanza na lile tofali liko palepale.

Kipa_Namba_Tatu:
@dereva_mstaafu viatu vya mtoto namba 34 je, duka gani?

dereva_mstaafu:
Njoo PM.